Sange wa Kichaka cha Madale

Madale, 9 Februari 2025

Mjukuu wangu Raudha,

Kabla ya salamu, maana imenikaa kooni: habari ya kichaka chetu watu wote wanaisimulia vibaya. Wa Tegeta wanasema kilipona kufyekwa kwa sababu kina jini. Wa Boko wanasema kuna chatu mwenye masharubu. Baba yako mdogo Badru, ambaye hata alikuwa hajazaliwa wakati huo, anasema eti katapila liliharibika tu. Waongo wote. Kichaka kilipona kwa sababu yangu mie Mashaka. Dereva wa katapila alifika asubuhi, nikampa chai ya tangawizi na mihogo ya nazi, akashiba, akajilaza kivulini mwa mtambo wake mpaka saa tisa. Alipoamka nyuki wamehamia kwenye bomba la moshi. Niliwaita mie, kwa mluzi. Dereva alirudi mjini kwa miguu, katapila likabaki pale miezi minne, kuku wakawa wanatagia ndani. Ndivyo ilivyokuwa, na aliyekuwepo ni mie.

Sasa salamu. Sie wazima. Masikio ndo yameshafunga duka kabisa. Ile simu uliyoninunulia naitumia kama tochi, kwa hiyo usipige, andika. Na uandike kwa herufi kubwa, maana shule yangu ni kisomo cha watu wazima cha ubaoni, sio hivyo vijidudu vya kwenye kioo. Barua mpe kondakta wa basi. Jirani yangu Jabiri anauza maji pale stendi ya Mbezi, ataipokea.

Kilichonishikisha kalamu ni Badru. Kaja na vigingi. Anasema zile heka nne za kichaka zinatoa viwanja kumi na viwili. Ijumaa tukakaa kikao cha ukoo, wakapiga kelele, nami sikusikia hata moja, nikawa naangalia midomo tu kama mtu anayetazama samaki kwenye beseni. Mwisho shangazi yako Somoe akaniandikia uamuzi kwenye kiganja: hao watu wa chuo chenu waje wahesabu wanyama. Kichaka kikiingia kwenye orodha yenu ya vichaka vya kuachwa, Badru anang'oa vigingi. Kisipoingia, baada ya Idd kubwa anafyeka.

Nimekubali mbele ya watu wote. Nikawaambia mle ndani kuna wanyama mpaka wanapeana zamu ya kupita. Lakini toka siku hiyo chakula hakipiti vizuri. Bibi yako kalala mle, unajua. Niambie hao wahesabuji wanataka nini.

Mimi babu yako,
Mashaka Nassibu

*

Morogoro, 16 Februari 2025

Shikamoo babu,

Nimeandika kwa kalamu nene, naamini unaiona. Nilipomwambia Madam Tekla, mwalimu wangu mwenye mradi wa vichaka, habari ya kikao alisita, kwa sababu mie ni mjukuu wako na ndiye niliyeandika ile orodha ya Januari nilipokuja likizo, aina ishirini na moja. Nimembembeleza, kakubali. Lakini tunashindana. Kuna kichaka kingine kule Kibamba, na mwaka huu mradi una nafasi ya kimoja tu.

Wanachotaka sio wingi wa wanyama, babu, ni wingi wa aina. Ni kama nyumba ya kupanga. Yenye vyumba kumi vya kila namna utamkuta fundi cherehani, mwalimu, muuza samaki na mganga. Kichaka chetu kina vyumba vingi: pale bondeni panapotuama maji, kwenye miti mirefu, kwenye miiba, kwenye makaburi. Ndiyo maana na udogo wake kina wapangaji wengi.

Anayetafutwa zaidi ni sange. Najua utanicheka, wewe umekua naye, lakini niandike ili tuwe tunamsema mmoja: mkubwa karibu kama panya buku, miguu myembamba, mbele ana rangi ya kutu, nyuma mweusi, pua ndefu inayochezacheza. Siku hizi kabaki sehemu chache mno. Januari niliona malazi yake mawili, vile virundo vya majani anavyojifunika akilala, yeye mwenyewe sikumwona.

Leonardi, fundi wetu wa kuhesabu, atakuja tarehe 22 Aprili na kukaa siku nne. Babu, tafadhali mpokee vizuri. Mwandalie mahali, aone kichaka kina mwenyewe na mwenyewe ni mtu wa heshima. Nimeweka jina langu hapo.

Mjukuu wako,
Raudha

*

Madale, 19 Aprili 2025

Raudha, mwenye jina lililowekwa,

Nilikaa kimya kwa sababu ya mfungo, halafu Idd, halafu kazi. Mambo ya kupokea wageni unanifundisha mie? Harusi ya baba yako nililaza watu arobaini kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na mmoja wao alikuwa mkuu wa tarafa, akaomba asirudi kwake.

Leonardi wako asiwe na wasiwasi. Nimepaandaa. Sikwambii nimefanyaje, atakuja kukusimulia yeye. Ila ujue sijafanya peke yangu, tulikuwa na Jabiri na vijana wa jirani, siku tatu zile mvua ilizopumzika. Sasa hivi mtu anaweza kuingia mle na kanzu nyeupe akatoka nayo nyeupe. Jirani zangu wa kutoka bara, wakina Benjamin, wamekuja kupigia picha ya Pasaka.

Badru kapita jana, kasimama pale njiani, katazama, kacheka, kaenda zake. Sikuelewa anachekea nini. Nimeona ni wivu.

Kitu kimoja tu. Tangu juzi kunguru wamekuwa wengi. Wale ndege wadogo wa chini, wanaokwanguakwangua, siwaoni. Nadhani wamesikia wageni wanakuja wakaona haya. Au vipi?

Mashaka

*

Morogoro, 29 Aprili 2025

Shikamoo babu,

Leonardi amerudi salama. Amesifu sana pweza wa nazi na hadithi ya nyuki.

Babu, nijibu upesi. Kuna mtu kaingia kichakani kabla Leonardi hajafika? Hesabu bado hazijakamilika, sitaki kusema mengi. Ila Leonardi anasema chini ni peupe kama uwanja wa shule. Gogo kubwa lililooza pale katikati, nililoliandika Januari, halipo. Bondeni kuna kifusi.

Si nilisema sitaki kusema mengi. Basi nitasema. Alifukia ndoo zake za kunasia wanyama siku nne na kapata aina nne tu. Panya wa nyumbani, mjusi kafiri, chura wa mtaroni, na kunguru ambaye hata hakuhitaji ndoo. Wote ni wa majumbani. Malazi ya sange hakuna hata moja. Madam Tekla aliniita ofisini, akaweka orodha yangu ya Januari mezani na ya Leonardi pembeni, akaniuliza kwa upole kabisa: "Raudha, hizi ishirini na moja uliziona, au ulimpenda babu yako?"

Nimwambie nini? Ni ba'mdogo Badru?

Raudha

*

Madale, 4 Mei 2025

Raudha,

Usilie. Huyo Madam hajui ukoo wetu, sie hatusemi uongo ila wa kuchangamsha.

Kuhusu nani kaingia, mie simtaji mtu. Mie ni mzee, siwezi kusimama kizimbani na masikio haya. Ninachojua Badru ana panga jipya, na siku ile alicheka. Mwingine mwenye akili zake ataunganisha mwenyewe.

Kula vizuri.

Mashaka

*

Morogoro, 9 Mei 2025

Shikamoo babu,

Nimeunganisha. Nimemwambia Madam kuwa kichaka kimeharibiwa kwa makusudi na ndugu anayetaka viwanja. Kamwandikia mwenyekiti wa mtaa wenu, Badru ataitwa Ijumaa tarehe 16. Na mie nimemtumia ba'mdogo ujumbe ambao mtoto hatakiwi kumtumia mtu wa rika la baba yake. Sijutii.

Kinachoniuma ni kwamba aliyefanya vile alijua anachofanya. Mtu wa kawaida angekata miti. Huyu kaacha miti yote imesimama, kaondoa ya chini tu, na ya chini ndiyo nyumba yenyewe. Yale majani makavu ni paa, ni godoro, ni jiko. Ndani yake kuna wadudu, wadudu ndio chakula cha sange, na majani hayohayo ndiyo anayoyakusanya akajifunika alale. Gogo lililooza lina tandu, jongoo, mende wa mwituni, mijusi wanaowala hao. Maji ya bondeni ni ya vyura ambao hawatagi mtaroni. Ukitaka kuua kichaka bila kukata mti hata mmoja, hivyo ndivyo unavyofanya.

Sikujua ba'mdogo ana roho hiyo.

Raudha

*

Madale, 13 Mei 2025

Mjukuu wangu,

Barua yako kaileta Jabiri na maji chupa mbili za bure, kaona uso wangu akanikalisha chini.

Badru hakuingia. Ni mie.

Ulisema nimpokee mgeni vizuri. Sie mgeni akija tunafagia, ndivyo nilivyolelewa. Mgeni akikuta uwanja una majani anajua hakutarajiwa. Nikanunua reki tatu, nikachukua mafagio ya chelewa yote ya nyumbani, tukaanzia barabarani tukaenda ndani. Viroba themanini na kitu, Raudha. Tukavichoma, na moto ulipogoma nikaongeza mafuta ya taa. Lile gogo lilikuwa linanuka uyoga, nikasema aibu, vijana sita wakalivuta kwa kamba mpaka kwa Benjamin, akalitia bandani kwa mbuzi wake. Bondeni nikamwaga kifusi ili Leonardi asichafue viatu. Hata hicho kifusi nilikiomba, nikakibeba kwa toroli mwenyewe na mgongo huu. Nilikuwa nimefurahi sana. Leonardi alipofika akasimama, akashika kiuno, nikadhani kavutiwa.

Nilijua tangu barua yako ya tarehe 29, ulipouliza. Nikakuachia umshike Badru, maana nilishajigamba mbele ya ukoo mzima, na mtu akishajigamba hivyo kurudi nyuma ni kama kuvuliwa nguo sokoni.

Jana nikaenda kwake. Ananisemea polepole usoni ili nisome midomo. Nikamwambia yote. Kakaa, kavua kofia.

"Baba mkubwa," kasema, "mie nilikuwa natafuta vijana wa kunifyekea. Kumbe wewe umenifanyia bure."

"Nitukane."

"Nikutukane nini? Raudha kashanitukana mie, tena kwa mpangilio mzuri, inaonekana chuo wanafundisha." Kanionyesha ujumbe kwenye simu. Nikausoma wote, vijidudu vile vile. "Huyu nilimbeba mgongoni akiwa na surua."

"Nitamwandikia."

"Mwandikie. Na Ijumaa kwa mwenyekiti tutakwenda wote, na useme wewe. Ila vigingi vyangu viko palepale, siving'oi kwa ajili ya machozi."

Sasa sikiliza nilichofanya tangu jana asubuhi. Gogo limerudi, Benjamin kanidai shukrani tu. Kifusi nimeanza kukichimbua. Majani naokota kwa watu. Kila nyumba hapa inafagia asubuhi na kuchoma, basi mie nasimama getini na kiroba, naomba. Mama mmoja kampigia Somoe simu, kamwambia babu yenu kachanganyikiwa, anachukua takataka za mitaa anakwenda kuzimwaga kwenye makaburi ya watu. Somoe kaniletea uji.

Ulisema nyumba ya kupanga. Niliielewa vizuri, usidhani sikuielewa. Mie nilivunja kuta zote nikaacha ukumbi mmoja mkubwa msafi, halafu nashangaa wapangaji wamekwenda wapi.

Mashaka

*

Morogoro, 20 Mei 2025

Babu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilianza barua tatu nikazichana.

Ba'mdogo nimemwomba radhi. Kajibu neno moja, "Haya." Madam nimemweleza ukweli. Kasema na mie nina sehemu yangu: niliandika "mwandalie mahali" bila kusema msiguse. Ni kweli. Sikudhani inahitaji kusemwa.

Leonardi atarudi tarehe 10 Juni. Lakini hesabu ya kwanza haifutwi, zitaandikwa zote mbili. Kibamba wamepata kumi na tisa.

Majani uliyomwaga ni ya uani, ya miembe na miarobaini, sio yaleyale, ila mvua hizi zitayaozesha kidogo. Swali moja tu, na ujibu kweli: kuna sehemu hukufagia? Wanyama hawatoki hewani, babu. Wakirudi watarudi kutoka mahali.

Raudha

*

Madale, 5 Juni 2025

Raudha,

Ipo. Pale kwenye miiba nyuma ya kaburi la bibi yako. Mgongo ulikataa nisiweze kuinama, nikamwambia Jabiri tupaache, wageni hawatafika huko. Pana upana wa vyumba viwili hivi. Kwa hiyo huo mgongo mnaoulalamikia wote ndio ulioacha mbegu.

Kila asubuhi natoka na kigoda nakaa. Masikio sina, kwa hiyo naangalia tu, na ukiangalia bila kusikia unaona zaidi, nakuhakikishia. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Wiki ya pili jongoo, wale wekundu. Halafu tandu kanipitia juu ya kandambili, nikaona nimheshimu. Bondeni maji yamerudi, vyura nimeona wa namna tatu, mmoja mdogo kama punje ya kunde. Juzi wale ndege wakwanguaji wawili, wanarusha majani nyuma kama watoto wanaotafuta shilingi.

Na jana Jumatano, Raudha, nimemwona sange. Katoka kwenye miiba, mbele rangi ya kutu, nyuma mweusi, katulia, kainua pua yake ile ndefu ikawa inachezacheza ananinusa. Tukatazamana. Halafu kaingia.

Chakula kimepita leo. Idd njema.

Mashaka

*

Morogoro, 16 Juni 2025

Shikamoo babu,

Leonardi kapata aina kumi na tatu. Kutoka nne mpaka kumi na tatu, kwa mwezi mmoja, Madam mwenyewe kasema hakutegemea. Lakini Kibamba ni kumi na tisa. Nafasi ni yao.

Kuna mlango mmoja umebaki. Kichaka ambamo sange ameonekana kinaweza kuandikwa "cha kuangaliwa" mwaka mzima, na mwaka huo hakiguswi. Leonardi hakumwona. Ila wewe ulimwona. Nimemsomea Madam barua yako, kauliza shahidi ni mtu wa kuaminika? Nimesema ndiyo. Imeandikwa: "Ameonekana tarehe 4 Juni, shahidi Mashaka Nassibu," na chini yake nimetia saini yangu. Madam kasema maelezo ya rangi yamelingana na kitabu neno kwa neno.

Orodha inapelekwa Ijumaa hii. Nithibitishie tu kwa mkono wako, nami nikabidhi. Ukoo unasubiri, najua. Baada ya yale ya Aprili sina tena jina la kupoteza hapa chuoni, babu, lakini sasa naweza kulala.

Raudha

*

Madale, 18 Juni 2025

Raudha,

Barua hii nampa Jabiri sasa hivi, aipandishe basi la kwanza, ikufikie kabla ya Ijumaa.

Yako nimeisoma mara tatu. Pale ulipoandika umetia saini chini ya jina langu niliweka kidole na sikuweza kukiondoa. Nimedanganya watu maisha yangu yote, mjukuu wangu, Boko mpaka Kibamba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutia saini chini yake. Wewe ndo wa kwanza.

Jumatano ile nilikaa na kigoda kama kawaida. Nilichoona ni kirundo cha majani, kipana kama sinia, kando ya miiba. Majani yamelazwa, yamepangwa, na mie sikuyapanga. Jumanne hakikuwepo. Nikakaa mpaka jua likanichoma utosi, hakutoka mtu. Nikarudi nyumbani, nikashika kalamu, nikaona kirundo peke yake ni kidogo mno kwa wewe unayelia huko. Nikatia mnyama ndani. Rangi nilizitoa kwenye barua yako mwenyewe ya Februari, ndo maana zimelingana na kitabu. Leonardi alipokuja nikampitisha mbali na miiba, asije akaniuliza mnyama yuko wapi.

Mfutie Madam. Mwambie shahidi kasema hakuona. Andika kirundo kama mnaandikaga virundo, na kama hamviandikagi, acha.

Leo asubuhi, pale kwenye miiba, nimemwambia Badru kuwa hatuna orodha. Nikamwomba neno moja tu, aanzie upande wa barabarani, upande wa bibi yako aufanye wa mwisho. Alikuwa anakitazama kile kirundo. Akachukua kigingi chake, akaniandikia chini kwenye udongo: HIKI UMEKIWEKA WEWE?

Nikamwambia sio mie. Akaniangalia, Raudha, kama ninavyostahili kuangaliwa. Halafu akachuchumaa, kigingi mkononi, na nilipoondoka kuja kuandika alikuwa bado kachuchumaa palepale, hajakipiga chini.

Kirundo nilikiona. Pua sikuiona. Pua niliitia mwenyewe.

Babu yako,
Mashaka Nassibu